Madafu Mkiani mwa Ndege

Mume wangu, Sleyum bin Marhoon, alikuwa akikupima kwa macho kabla hajakuamkia. Hakuwa na ubaya, kazi ndiyo iliyomkaa mwilini. Tangu ujana wake Unguja alisimama kwenye mizani ya uwanja wa ndege wa Kisauni, akipima mabegi, vikapu, makopo ya halua na mara nyingine abiria wenyewe, maana ndege ndogo za kwenda Pemba na Tanga hazikujali wewe ni mtoto wa nani, zilijali uzito wako. Siku alipokuja kwetu Malindi kuniposa, wazee wakisoma Fatiha, yeye alinichungulia mlangoni mara moja tu. Baada ya harusi nikamuuliza aliona nini. Akasema aliona ratili mia na kumi, pamoja na dhahabu. Nilimnunia siku nzima, kwa sababu hakuwa amekosea sana.

Nayakumbuka hayo nikiwa hapa Mawaleh, Maskati, katika nyumba yenye mashine ya baridi kila chumba, wajukuu wakichanganya Kiarabu, Kiswahili na Kiingereza kabla hawajavuta pumzi. Wao wanaijua Maskati ya barabara pana. Ile tuliyoikuta sisi hawaijui, na nikiwahadithia hunitazama kwa huruma kana kwamba nilikuwa kifungoni. Sikuwa kifungoni. Nilikuwa kijana, nina mume anayenichekesha na mama mkwe anayenitetea, na laiti ningerudishiwa mwezi mmoja tu wa siku zile, joto na chawa wake na vyote, ningeupokea kwa mikono miwili.

Tulitoka Unguja mwaka wa sitini na nne, baada ya mapinduzi, na masanduku mawili na Bi Rahila, mama yake Sleyum. Bi Rahila alizaliwa Bumbwini, na mama yake alizaliwa hapohapo. Kiarabu chake kilikuwa cha sala na cha kuapia. Jamaa walipomwambia kwamba alhamdulillahi anarudi kwao Omani, aliwauliza kwao nani. Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua kweli.

Tulifikia Matrah, mji wa bandari ubavuni mwa Maskati, tukapewa chumba na ua nyuma ya nyumba ya jamaa, na humo ndimo alimozaliwa mwanetu Ghanim. Maji ya kisima yalikuwa na chumvi, umeme ulikuwa wa wachache, na usiku hutembei nje bila taa mkononi. Majirani walikuja kututazama kama watu waliotoka mwezini, kwa ajili ya kanga zetu na kwa ajili ya Bi Rahila, ambaye alikuwa akicheka kwa sauti mbele ya wanaume. Baada ya wiki chache walikuwa wakija kucheka naye. Hakuwa mtu wa kula peke yake, yule bibi. Hata andazi moja atalikata vipande kwa kila aliyekuwapo uani, na kipande chake kitakuwa kidogo kuliko vyote. Mimi nililelewa katika nyumba ya watu wa kufunga kabati kwa ufunguo. Kwake ndiko nilikojifunza kutoa.

Sleyum alipata kazi yake ileile. Wakati huo uwanja wa ndege ulikuwa Beit al-Falaj, kule Ruwi, chini ya ngome, ukanda wa udongo uliokandamizwa katikati ya milima. Kampuni moja ndogo ya ndege za kukodi ilihitaji mtu wa mizani, naye alifika na barua yake ya Kisauni na lugha zake tatu. Meneja, Mwingereza mwenye masharubu ya manjano, alimjaribu kwa kumwambia akisie uzito wa kasha la vyuma. Sleyum akalizunguka, akataja. Wakalipima. Jioni akaja nyumbani na kazi.

Sasa niseme habari ya upepo, kwa sababu bila upepo hakuna kisa. Nyumbani kwetu tuliujua upepo wa Ruwi kuliko tulivyojua bei ya samaki. Upepo wa mbele rubani anaupenda, humsaidia kusimama. Wa ubavuni ndio adui. Ndege huja imeelekeza pua upande unakotoka upepo, inatembea kwa ubavu kama kaa, na ikikaribia ardhi rubani lazima ainyooshe upesi, alilaze bawa la upande wa upepo, aguse kwa gurudumu moja kisha la pili. Kama upepo ni mmoja, hilo huwezekana. Lakini pale upepo haukuwa mmoja. Milima iliuzuia kisha ikauachia kwa mikupuo, na wakati wa joto, gharbi ilipovuma kutoka bara, rubani aliweza kushuka kwa salama mpaka kimo cha mtu, akapigwa ubavuni na kitu ambacho sekunde iliyopita hakikuwapo.

Sleyum alikuwa akituhadithia ajali hizo wakati wa kula. Sinia ndio uwanja, mkono wake ndio ndege. Kuna iliyonyanyuliwa bawa moja ikaburura jingine udongoni. Kuna iliyosukumwa nje ya ukanda ikaingia kwenye kokoto za wadi, ule mto mkavu, na kusimama kwa pua, rubani ananing'inia kwenye mikanda yake akitukana. Hakuna aliyekufa katika hizo, basi tulicheka, na Bi Rahila alikuwa akimwambia mwanawe aitue ndege yake mbali na mchuzi.

Jambo moja tu hakulifanyia mzaha, nalo ni mzigo wa nyuma. Ndege zao zilikuwa za gurudumu dogo mkiani. Ukizidisha mzigo huko mkiani, alisema, angani huenda usione kitu, lakini siku ya upepo wa ubavuni, ndege ikigusa chini na kuanza kupinda, nyuma hutaka kupita mbele, kama gari la ng'ombe lililopakiwa vibaya likiteremka kilima. Hapo rubani hata awe hodari vipi ana bahati yake tu. Kwa hiyo Sleyum alikuwa hana rafiki kwenye mizani. Aliwahi kumteremsha mzee wa watu pamoja na mbuzi wake, mzee anamlaani, mbuzi analia, naye anamwomba radhi na huku anafunga mlango.

Rubani aliyempenda kuliko wote aliitwa Kapteni Hadli. Alikuwa Mwingereza mwembamba, mwekundu wa jua, aliyewahi kurusha ndege Nairobi na kuokota Kiswahili huko, Kiswahili cha amri tupu, mpaka Sleyum alipomfundisha kusema tafadhali. Alikuwa akija kwetu Ijumaa, anakaa uani na miguu yake mirefu hajui aiweke wapi, na Bi Rahila anamsukumia vipande vikubwa vya samaki. Majira ya baridi ya mwaka wa sitini na saba upepo ulimkwaruzia bawa. Meneja alimwambia wazi kwamba ajali nyingine ikionekana ni ya mkono wake, atapanda ndege kama abiria arudi kwao. Alikuwa na mke na mtoto mchanga huko Uingereza wanaokula kwa mkono huohuo.

Mwaka uliofuata, joto lilipoanza, Bi Rahila aliugua. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na daktari alimwambia Sleyum kwa upole kwamba moyo wa mama umechoka na yeye hana dawa ya kuchoka. Chakula alikuwa akikisukuma. Nilimpikia uji, nilimpikia supu, nilimkaangia hata vitumbua ambavyo mgonjwa hapewi. Alionja kwa ajili yangu, akarudisha. Kisha asubuhi moja alimshika mwanawe mkono.

"Nnataka dafu, Sleyum," alisema. "Sio nazi. Dafu. Nitie kinywani kitu cha kwetu kabla sijenda zangu."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu tutoke Unguja kuomba kitu. Miaka yote ile hakuwahi kusema anataka hiki wala anakosa kile, na mimi mpumbavu nilidhani amezoea. Sleyum alitoka nje akasimama kisimani akijifanya ananawa uso.

Nazi kavu za Malabari zilikuwapo sokoni Matrah, lakini dafu, hata kwa mganga usingelipata. Madafu yalikuwa Salala tu, kule kusini kwenye minazi, na Salala ilikuwa mbali kama nchi nyingine. Lakini ndege ya Kapteni Hadli ilikuwa ikienda na kurudi. Sleyum alifikiri sana juu ya jambo ambalo mtu mwingine asingelifikiria hata kidogo, kwani kwake kuomba mzigo wa pembeni kulikuwa kama kuvunja saumu. Mwishowe alimwomba Kapteni dafu moja. Kapteni akakubali, atalibeba mwenyewe, miguuni pake. Sleyum akampelekea salamu Aflah, mtu wetu wa Unguja aliyekuwa akipakia ndege kule Salala, kwamba mama yuko hoi, anataka dafu, amtafutie moja zuri.

Hapo ndipo lilipotokea kosa, na ni kosa ambalo lisingemtokea mtu wa kabila jingine lolote. Aflah alikulia mtaa mmoja na Sleyum. Alikula kwa Bi Rahila utoto wake wote. Leo anaambiwa bibi huyo yuko kitandani anataka dafu, naye apeleke moja? Kwetu dafu moja halipelekwi kwa mgonjwa. Ni tusi. Wageni wanaokuja kumtazama wanywe nini? Majirani je? Mke wa Sleyum, yaani mimi, nikae nitazame? Aflah, Mungu amrehemu, alijaza magunia mawili, na kwa kuwa alijua Kapteni akiyaona atayashusha, aliyasukuma mpaka mwisho kabisa wa mkia, nyuma ya mifuko ya posta, akayafunika turubai. Dafu moja zuri akampa Kapteni mkononi, kama walivyoagana. Alifanya yote hayo kwa mapenzi, na akaipungia ndege mkono.

Siku hiyo gharbi ilianza kuvuma tangu asubuhi. Mimi nilikuwa nyumbani, nimefunga madirisha kwa vumbi, na yaliyotokea uwanjani nayajua kwa kusimuliwa na Sleyum mara nyingi kuliko nilivyohesabu. Alisema ndege ilitokea kwenye pengo la milima ikija kwa ubavu, na Kapteni aliishusha kwa adabu kabisa. Akainyoosha. Akalilaza bawa. Gurudumu la upande wa upepo likagusa, kisha la pili, na watu wa uwanjani wakashusha pumzi. Ndipo ulipokuja mkupuo mmoja kutoka kwenye wadi. Mkia ulisukumwa pembeni. Sleyum alingoja Kapteni aurudishe, kwa sababu alikuwa ameuona mkono ule ukiurudisha mkia mara nyingi. Haukurudi. Ndege iligeuka ikazunguka yenyewe katikati ya vumbi lake, mguu mmoja ukavunjika, bawa likapiga chini, kisha ukimya.

Walikimbia. Abiria alikuwa mmoja, karani wa ofisi, alitoka mwenyewe akiwa na kofia yake mkononi na hajui yuko nchi gani. Kapteni walimtoa na mkono umevunjika. Lile dafu la miguuni lilikuwa limepasuka, maji yake yamemlowesha suruali, na alipomwona Sleyum jambo la kwanza alilomwambia ni pole, dafu la mama limevunjika. La pili alisema kosa ni lake, hakuuwahi mkia.

Sleyum alikwenda nyuma kutoa posta. Alipoinua turubai aliona magunia, na dafu moja limetoka likimtazama. Aliniambia kwamba pale pale alijua yote: nani aliyeyatia, kwa nini, na kwa nini mkia haukurudi. Wapakizi wenziwe nao walijua. Gari la Meneja lilikuwa bado linatimua vumbi kutoka upande wa ngome. Walimwambia wayatoe haraka wayatupe wadini, upepo ulikuwa mkali, kila mtu ameona, lawama itaufikia upepo na Kapteni na basi. Mmoja alichukua dafu zima akamtia mkononi, akamwambia hili mfichie mama, mengine tuachie sisi.

Alikuwa nalo mkononi. Kila akifika hapo katika kusimulia, alikuwa akikunja vidole kana kwamba bado analishika. Dafu aliloombwa na mama yake, zima, kijani, mkononi mwake, na nyumbani ni mwendo mfupi tu wa gari.

Alilirudisha guniani. Akaenda kuileta mizani, akaiburura yeye na mwenziwe mpaka kwenye ukanda, na Meneja alipowasili alimkuta mtu wake wa mizigo anapima madafu katikati ya upepo, vumbi limemjaa ndevuni. Alipomaliza alimwambia Meneja uzito, akamwonyesha mahali yalipokuwa, akasema ni yake, yameletwa kwa ajili yake, na Kapteni hakujua. Meneja alimuuliza kama anaelewa anachokisema. Sleyum alijibu anaelewa. Meneja akaamrisha magunia yafungiwe stoo, yasiguswe, mpaka aje mkaguzi kutoka Bahrein aone kwa macho yake.

Usiku huo nilimgombeza kuliko siku yoyote ya ndoa yetu. Tulikuwa uani, tunanong'ona ili Bi Rahila asisikie, na kunong'ona kwa mtu mwenye hasira ni mateso. Kwamba kazi itapotea nililijua, na kwamba kazi ndiyo iliyotupa ruhusa ya kukaa nililijua vilevile. Lakini si hayo yaliyoniuma.

"Ulikuwa nalo mkononi," nilimwambia. "Moja tu, baba Ghanim. Nani angejua?"

"Nikitoa moja, mzigo si ule tena. Watasema nimepunguza, nimeongeza, na maneno yangu yote hayana kazi. Kapteni atafukuzwa kwa kosa letu."

"Mama hatamngoja mkaguzi."

Aliinama akafunika uso, na nikaona mabega yake yanatikisika, nikajuta kusema, lakini sikuomba radhi. Nilikuwa na haki, na yeye alikuwa na haki, na baina yetu alikuwa amelala bibi wa watu ambaye siku zake zilikuwa zikihesabika.

Matrah haifichi kitu. Kesho yake Bi Rahila alikuwa amekwishajua kila jambo kutoka kwa wanawake waliokuja kumtazama, mpaka idadi ya madafu, waliyoiongeza njiani. Hakumlaumu mwanawe. Hakulitaja dafu tena. Alikuwa akilala amegeukia mlango tu, na kila Sleyum akiingia alikuwa akimtazama mikono kwanza, kisha uso. Mimi niliona. Yeye naye aliona, na akawa akiingia mikono ameiweka mgongoni.

Siku zikapita na gharbi haikunyamaza. Stoo ya uwanjani ilikuwa ya bati. Nilipokuwa nikipuliza moto uani nilikuwa nikiyafikiria yale madafu mle ndani, yaliyogongana ndege ilipozunguka, yakipikwa taratibu. Kisha, mchana mmoja, tukasikia ndege. Sleyum alikuwa ametuambia kwamba mkaguzi atakuja siku hiyo. Nilimwinua Bi Rahila nikamwegemeza kifuani kwangu. Ndege ilizunguka juu ya milima, ikashuka kuelekea Ruwi, sauti ikabadilika, ikapanda tena. Ikazunguka. Ikajaribu mara nyingine. Mkono wake ulikuwa umeushika mkono wangu kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Kisha sauti ikaanza kwenda mbali, ikakonda, ikapotea upande wa bahari. Rubani wake hakutaka kushindana na upepo ule. Alimrudisha mkaguzi Bahrein.

Bi Rahila aliniambia nimlaze. Akasema, taratibu, kwamba ana haki yule rubani, bora arudi salama kwa watu wake. Nililia mbele yake bila haya.

Baada ya siku chache upepo ulitulia alfajiri moja, na mkaguzi akashuka. Alikuwa mtu wa maneno machache. Aliyapima magunia, akayatazama kwa makini na kuingiza mkono kule mkiani, akamhoji Sleyum, akamhoji Kapteni aliyefungwa mkono shingoni. Kapteni aliendelea kung'ang'ania kwamba kosa ni lake, Sleyum anang'ang'ania ni lake, mpaka mkaguzi akawaambia wanyamaze wote wawili. Aliandika kwamba upepo ulianza na mzigo wa mkiani ulimaliza. Kapteni alibaki na kazi. Sleyum aliachishwa adhuhuri ileile, na Meneja, ambaye nadhani aliona haya, alimpa mkono akamwambia achukue madafu yake.

Watu huniuliza tuliishi vipi baada ya hapo. Tuliishi. Mfanyabiashara mmoja wa Matrah alimchukua apime tende na ndimu kavu, akatudhamini tusiondoshwe, na Sleyum akawa akija nyumbani ananuka tende badala ya petroli. Kapteni hakuacha kuja Ijumaa. Mwaka wa sabini nchi ilipopata sultani mpya na kubadilika, ndege zikawa nyingi na watu wetu wakaanza kumiminika kutoka kila pembe, Sleyum alirudishwa Beit al-Falaj akaisimamia mizani, akawapokea pale Wazanzibari waliofika na vinu na mbuzi za nazi mabegani, akiwapima kwa macho kabla hajawaamkia. Nilimpenda sana siku zile. Nilimpenda hata nilipomgombeza uani, ila siku hiyo sikumwambia.

Lakini adhuhuri ile ya kuachishwa kazi alikuja nyumbani mbio. Mengi katika magunia yalikuwa yameoza au yamepasuka. Alikuwa amechagua moja lililoonekana zima, bado kijani, akaja amelikumbatia. Aliingia mlangoni na safari hii mikono ilikuwa mbele. Bi Rahila aliitazama mikono, kisha uso, akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Sleyum alilifungua kwa panga pale uani, akalileta kwa mikono miwili, akamnyanyua mama yake kichwa.

Alikunywa. Alifumba macho na kunywa taratibu, akipumzika, akianza tena. Hakuacha mpaka alipofika mwisho, yeye ambaye hata uji wa vijiko viwili ulikuwa ukimshinda. Katikati Sleyum, machozi yanamtoka, alimwomba amwonjeshe kidogo, apate baraka. Bi Rahila alilivutia dafu kifuani.

"Leo nna choyo, mwanangu. Niwache ninywe peke yangu."

Tulicheka, mimi na Sleyum, tukadhani ni furaha ya mgonjwa. Alipomaliza alijifuta midomo kwa ukaya wake wa kichwani akamwambia, "Tamu. La Bumbwini hasa hili." Sleyum alimbusu mikono, akatoka kwenda kusali, na sikumwona uso mwepesi namna ile tangu tutoke Unguja.

Mimi nilichukua kifuu nikakaa kizingitini nikomboe ile nyama laini, nimpe kwa kijiko baadaye. Harufu ndiyo iliyonisimamisha. Kulikuwa na matone machache yaliyobaki chini, nikayatia ulimini. Yalikuwa yamechacha. Yalikuwa makali kama siki, na ndani ya ganda niliona ufa mwembamba ambao kwa nje usingeuona.

Niligeuka. Bi Rahila alikuwa ananitazama kutoka kitandani. Aliinua kidole taratibu akakiweka midomoni.

Tulimzika kabla wiki haijaisha. Kapteni alikaa mkekani na wanaume, mkono wake umefungwa shingoni, na Aflah alikuja kutoka Salala akalia kama mtoto. Sleyum aliwaambia wote wawili yale aliyoendelea kuwaambia watu kwa miaka yote tuliyoishi pamoja, kwamba mama yake aliondoka duniani na utamu wa kwao mdomoni. Na kila alipofika hapo, mimi niliinuka nikaenda kuitazama kahawa.